Injini Isiyo na Ndugu

Siku mliyoniaga hapo karakanani mlinipa saa ya ukutani na blanketi, yaani nilale lakini niangalie muda. Nashukuru kwa vyote viwili. Ila katikati ya soda na maandazi, binti mmoja wa kitengo cha pampu aliniuliza mbele ya wageni ni mashine gani iliyowahi kunishinda katika miaka yangu yote. Nikajibu hakuna, na watu wakapiga makofi. Nilidanganya. Sasa sina cheo cha kulinda, kwa hiyo nimekaa mezani niwaandikie jibu la kweli. Habari za nani alipanda cheo lini na nani alilipwa kiasi gani mtazikuta kwenye mafaili, kama mchwa wamebakiza kitu.

Niliingia karakana ya maji ya Singida miaka michache baada ya uhuru, nikitokea Kiomboi, miguuni nimevaa viatu vya kaka yangu vilivyonizidi. Siku ya kwanza sikushika spana. Nilikabidhiwa kwa Mzee Ramadhani, fundi mkuu, mtu mfupi asiyepandisha sauti hata injini ikinguruma; ukitaka kumsikia, wewe ndiye uliyesogea. Alinipa ndoo ya mafuta ya taa, brashi, na pipa la nati zilizoshika kutu. "Zioshe," akasema, "halafu uzitenganishe. Za inchi huku, za milimita huku." Kazi hiyo ilinichukua siku nne. Siku ya tano alichota konzi kila upande, akazichanganya, akaniamuru nifumbe macho nizitambue kwa vidole. Nilikosea mbili, akanirudisha kwenye pipa.

Kuna sheria moja aliyonifundisha mwaka ule ambayo sikuiandika popote, nikidhani nitaikumbuka. Ukifunga mashine mahali, alisema, usiondoke mpaka mtu wa pale ameiwasha na kuizima mara tatu mbele yako, na wewe mikono yako iko mfukoni. "Mikono mfukoni," alirudia. "Ukiitoa, hesabu inaanza upya." Niliona ni mambo ya kizee.

Mnaijua Singida yetu. Mji una maziwa mawili, unayaona ukigeuka huku na ukigeuka kule, na yote ni ya chumvi. Mgeni akishuka kwenye basi hushangaa kwamba watu wenye maji mengi hivyo wanahangaika na ndoo. Zilipokuja siku za vijiji vya ujamaa, kazi yetu iliongezeka maradufu. Watu waliokuwa wakiishi kila mmoja kwenye mji wake, na ng'ombe wake na chemchemi yake, walihamia pamoja, na kila kijiji kipya kilitaka kisima na pampu. Wenyeviti walipanga foleni langoni kwetu na barua zao. Injini hazikuwepo. Tukiagiza vipuri, tulijibiwa kwamba barua yetu imepokelewa.

Tulichokuwa nacho kwa wingi ni vyuma vilivyokufa. Nyuma ya karakana kulikuwa na uwanja tuliouita makaburini, umejaa mabaki ya matrekta, magreda na mashine za kusaga. Wenzangu walikwenda kule kuvuta sigara. Mimi nilianza kwenda na daftari. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimepitia kozi ya miezi sita Dar es Salaam, na kichwa kilikuwa kimevimba kidogo. Nikajiambia kwamba humo makaburini mna injini nzima, imetawanyika tu, na mimi ndiye nitakayeikusanya.

Bloku, mwili wenyewe wa injini, niliitoa kwenye injini ya mgodi uliokufa huko Iramba. Gurudumu zito lilikuwa la mashine ya kusaga. Pampu ya dizeli ilitoka kwenye trekta lililopinduka, nozeli kwenye greda, na tangi la maji ya kupoza lilikuwa pipa la lami nililolikata nusu. Pistoni ya kufaa haikuwepo, nikaikereza mwenyewe kutoka kwenye pistoni kubwa ya lori. Ringi za kuivalisha pistoni hiyo nazo nilizichonga kwa mkono. Kila saa ya mapumziko na kila Jumapili nilikuwa juu yake. Barua za mama zilifika nikazisoma nusu nusu. Dada yangu aliolewa Kiomboi sikwenda, nikatuma salamu na kitenge. Alinisamehe baadaye, ila bado hunikumbusha kila tukikutana.

Mzee Ramadhani alipita siku moja, akaizunguka injini yangu polepole, akaigonga hapa na pale kwa kifundo cha kidole.

"Daudi, hii ina ndugu wangapi?"

"Ndugu kivipi, Mzee?"

"Ringi ikikatika, tutachukua ya injini gani?"

"Nitachonga nyingine."

"Na wewe ukihamishwa? Fundi atakayekuja atamuuliza nani? Injini nyingine zina vitabu, zina dada zao Manyoni na Dodoma. Hii ni peke yake duniani."

Nikamwambia kwamba hiyo ndiyo sifa yake. Akaenda zake kunywa chai. Sikuyatia akilini maneno yake.

Ilipowaka mara ya kwanza ilikuwa alasiri ya Jumamosi. Nilizungusha hendeli hadi mabega yakawaka moto. Ikakohoa mara mbili, ikanyamaza, nikadhani ndiyo basi. Mara ya tatu ikashika, moshi mweusi ukapanda, gurudumu likazunguka na ardhi ikatetemeka chini ya nyayo zangu. Niliweka kiganja kwenye bloku nikahisi joto linapanda. Nililia, na naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mzee Ramadhani alisikiliza ameinamisha kichwa, akasema tu, "Inapumua kwa taabu." Alikuwa sahihi. Ringi zangu hazikukaa sawasawa, na injini ilikuwa inakula oili kuliko kawaida. Nililijua hilo tangu siku ile ile.

Tuliipeleka kwenye kijiji kipya kilichokuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Ihanja. Kisima kilikuwa kimekwisha kuchimbwa, kirefu, kamba na ndoo ni mateso. Watu wa kwanza kuhamia pale waliletwa na mjane mmoja aliyeitwa Mama Zaituni, balozi wa nyumba kumi, mwanamke mrefu aliyetembea kana kwamba amechelewa mahali. Yeye ndiye aliyepita mji kwa mji akiwashawishi jamaa zake waache makazi ya babu zao, kwa ahadi moja tu, kwamba maji yatakuja. Alisema mbele ya kila mtu kwamba yasipokuja wamlaumu yeye.

Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alikata utepe, mimi nikazungusha hendeli, na maji yakapanda hadi kwenye tangi. Vigelegele vilivyopigwa pale sijavisikia tena. Mgeni rasmi alinishika bega akasema huyu ndiye mtaalamu wetu, hatuhitaji wa kutoka nje. Baada ya pilau Mama Zaituni alikuja amejifunga kanga kiunoni, na nyuma yake Mzee Njiku, mfugaji wa makamo. Hao wawili ndio waliochaguliwa na kijiji kuitunza injini.

"Haya, mwanangu," akasema, "tuko tayari. Tufundishe."

Gari la mgeni rasmi lilikuwa linawashwa, na mimi nilikuwa nimeahidiwa kiti cha mbele. Niliwaonyesha hendeli, niliwaonyesha pa kuzimia, nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikakifuta na kitambaa, nikakitazama, nikakirudisha bila kusema neno. Kusema kwamba inakula oili kungekuwa kukiri kwamba niliichonga vibaya.

"Mengine Jumatatu," nikamwambia. "Nitarudi."

Jumatatu ilipofika nilikuwa makaburini na daftari, natafuta bloku kubwa zaidi. Jumatatu nyingine nayo ikapita. Kondakta wa basi aliniletea kikaratasi kilichoandikwa kwa herufi kubwa zinazopanda na kushuka: FUNDI MNYAMA WAKO ANAKOHOA. Nikakitia mfukoni. Cha pili kilisema ANAKUITA. Nikajikausha. Sikuwa mtu mbaya, nadhani, ila kila nilipoifikiria injini ile nilisikia ile sauti yake ya kupumua kwa taabu na nikatamani mtu mwingine awe ameiunda.

Siku moja ya mwezi wa saba, asubuhi ya upepo na baridi ile yetu ya kukata masikio, nilikuwa nazungumza na mlinzi langoni nikamwona Mama Zaituni anashuka kwenye basi. Nilirudi ndani mbio. Lori lilikuwa limesimama juu ya shimo la kukagulia magari, nikashuka shimoni nikajibanza. Nilikuwa fundi mwenye cheti, nimejificha kwenye dimbwi la oili chafu nikimkimbia mama wa watu.

Nilimsikia akipokewa na Mzee Ramadhani juu yangu. Wakaamkiana vizuri, wakaulizana hali ya hewa na hali ya mifugo. Ndipo akaeleza. Walikuwa wameniona nikichomoa kijiti na kukitazama, kwa hiyo nao kila asubuhi walikichomoa na kukitazama. Kikaanza kutoka kikavu. Wakajua kwamba mnyama anataka mafuta. Wakatuma mtu Ihanja akakosa, wakatuma mtu barabarani kuomba kwenye malori wakakosa.

"Tukaketi tukasema, sisi tuna mafuta gani mazuri? Tuna samli. Nikapita nyumba kwa nyumba na kibuyu. Hakuna aliyenikatalia, baba. Hata wenye watoto wachanga walitoa."

"Mkamtia samli," akasema Mzee Ramadhani.

"Tukamtia samli. Akaenda siku nne, kijiji kizima kinanukia kama kuna harusi. Siku ya tano kukapambazuka baridi, tukazungusha hendeli, haiendi mbele hairudi nyuma. Ameshikana."

Nilisikia kitu kikiwekwa sakafuni.

"Nyumba sita zimerudi kwenye mahame. Wengine wanafunga mizigo. Na mimi ndiye niliyewaleta pale. Nikirudi leo bila fundi, nitauweka wapi uso wangu? Langoni nimeambiwa kwamba hayupo. Basi akija mpe hicho kibuyu, aone mnyama wake alikula nini."

"Yupo, mama," akajibu Mzee Ramadhani kwa sauti yake ile ile ya chini. "Yuko chini kabisa ya kazi. Alhamisi atakuja. Nimesema mimi."

Alipokwisha kuondoka, Mzee alichuchumaa ukingoni. "Toka humo, au nikuletee na chakula?" Nikapanda. Kibuyu kilikuwa pale, na ndani yake samli nyeusi, iliyoganda, yenye vumbi la chuma linalometameta. Nimeshika mafuta machafu miaka yote ya kazi yangu, lakini yale ndiyo yaliyonitia aibu hadi leo, kwa sababu nilijua yametoka kwenye vyungu vya nani.

Mkuu wa karakana alipopata habari aliandika hati fupi: injini ing'olewe, irudishwe Singida. Niseme kweli, nilifurahi. Vyuma vingerudi makaburini, mambo yangesahaulika, na jina langu lingepona. Sikufikiri kabisa watu wale wangekunywa nini. Mzee Ramadhani aliisoma ile hati, akaikunja vizuri, akanirudishia.

Alhamisi nilishuka Ihanja, nikaazima punda wa kubeba sanduku la vifaa, nikafika kijijini yapata saa tisa alasiri. Hakukuwa na mtu kisimani. Sauti zilitoka kwenye ghala la kijiji, nikaenda huko nikasimama mlangoni. Lilikuwa darasa la elimu ya watu wazima, watu kama thelathini, wazee kwa vijana, wamekaa kwenye magunia wakiwa na vibao vyao vya kuandikia. Mama Zaituni alikuwa mstari wa mbele. Mwalimu wao, kijana aliyeitwa Elia, alishika kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, kilichotoka kwenye boksi la vitabu vya msaada, hivyo hata yeye hakujua kinaitwaje. Kila wakimaliza kuandika aliwasimulia kipande chake kwa Kiswahili, kama mtu anavyowapa ng'ombe chumvi ili warudi zizini kesho.

Siku ile alikuwa amefika mahali ambapo msomi mmoja wa Ulaya, baada ya kujifungia miaka na vitabu vyake, amekusanya viungo vya watu waliokufa, ameviunganisha, na amevitia uhai. Kiumbe kikafumbua macho. Msomi akakiona kilivyo kibaya, akatoka mbio.

"Alikimbia?" akauliza bibi mmoja.

"Alikimbia, bibi."

"Akamwacha mwenyewe humo ndani? Hata jina hajampa?"

"Hajampa."

Darasa likanung'unika. Mtu mmoja akasema msomi alikosea kumuumba, hayo ni ya Mungu. Mwingine akabisha kwamba kuumba si hoja, kila siku watu wanatengeneza vitu. Ndipo Mzee Njiku akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Mwalimu, huko kwao hawawekeani ng'ombe? Sisi hapa mtu akikuwekea ng'ombe umtunzie, hamwachi tu uani akaondoka. Anaketi, anapewa maji, anakueleza tabia zake. Huyu anapiga teke la kushoto. Huyu haachii maziwa mpaka umwimbie. Huyu anaogopa mbwa. Na mwezi ukiisha anarudi kumtazama. Asipofanya hayo, ng'ombe akifa, kosa la nani?"

"La mwenye ng'ombe!" wakajibu wote kwa pamoja.

Mwalimu Elia alikuwa ameniona. Akafunga kitabu. Vichwa thelathini vikageuka mlangoni.

"Fundi," akasema yule bibi, "huku kwetu shikamoo bado ipo."

Nikasema shikamoo. Wakaitikia marahaba. Nilitaka kumwona Mwalimu Elia kama mtu aliyenitegea, lakini baadaye aliniapia kwamba hakujua nakuja siku ile, na kitabu alikuwa amekianza wiki mbili kabla. Namwamini. Mimi ndiye niliyefika kwenye kurasa zangu mwenyewe.

Hati ya mkuu ilikuwa mfukoni. Niliitoa nikawaambia ukweli, kwamba nimetumwa kuing'oa. Nikawaambia pia lile la ringi, kwamba nilijua tangu mwanzo, na kwamba siku Mama Zaituni alipokuja Singida nilikuwa shimoni chini ya lori. Hapo watu wawili watatu walicheka. Mama Zaituni hakucheka.

"Ing'oe," akasema. "Una hati. Lakini kwanza keti, upewe maji, utueleze ilikuwa na tabia gani. Angalau tujue tulishindwa na nini."

Nikaketi kwenye gunia. Maji waliyonipa yalikuwa ya matope kidogo, yametoka mbali, niliyanywa yote. Nikaanza kueleza: inataka oili kila siku ya pili, hewa ikiingia kwenye bomba la dizeli lazima itolewe kwa kulegeza nati ndogo ya kando, nati za upande wa kulia ni za inchi na za kushoto ni za milimita. Kabla sijafika mbali Mzee Njiku akanikata.

"Na hapendi upepo wa mashariki."

"Vipi?"

"Upepo ukitoka huko haamki. Tunamfunika gunia hapo anapovutia hewa, tunamfunua akishakohoa mara mbili. Ukimfunua baada ya moja, anazimika."

"Na maji ya pipa yakichemka," akasema mwanamke mwingine, "anaanza kwanza kuimba. Ukimsikia anaimba, mwongeze."

Haya mimi niliyeiunda sikuyajua. Wale watu walikuwa wamekaa na injini yangu, wameitazama, wameisikiliza, wamejifunza tabia zake bila mwalimu. Walikuwa wameipa hata jina. Waliiita Yatima.

Kesho yake asubuhi niliifungua, si ili kuing'oa, ila kuitazama, nikajidanganya kwamba hati haikukataza kutazama. Samli ilikuwa imeziba njia zote za oili. Ringi zilikuwa zimeganda kwenye pistoni, na beringi ya mkono wa pistoni ilikuwa imeyeyuka. Bloku ilikuwa nzima. Nilikaa chini nikaangalia vyuma vile, na kwa mara ya kwanza sikuona kazi yangu, niliona maji ya watu. Nikaandika barua mbili. Ya kwanza kwa mkuu, kumweleza kwamba injini haisafirishiki kwa sasa. Alinijibu kwa barua ya karipio, ninayo hadi leo, imepigwa chapa vizuri sana. Ya pili kwa Mzee Ramadhani, kumwomba madini laini ya kuyeyusha na kumimina beringi, oili, na ringi za kiwandani za kipimo chochote kinachokaribia, nami nitaitanua silinda ilingane nazo.

Nilikaa wiki tatu. Nilisugua silinda kwa mkono, kwa kipande cha mti na unga wa kusagia chuma, hadi viganja vikatoka malengelenge. Wanawake walichemsha maji na majivu tukaosha kila kipande, na kila kipande kilichooshwa nilimpa mtu akishike, akitaje, aseme kinafanya nini. Mzee Njiku alijua nati kwa vidole siku ya pili. Mimi nilichukua wiki, kama mnavyokumbuka. Madini tuliyayeyusha kwenye sufuria kuukuu ya Mama Zaituni, tukamimina, nikakwangua beringi kwa kisu taratibu hadi ikakaa. Alitazama kila mkwaruzo. Hakuwa ameniambia neno la kirafiki tangu nifike, ila siku ile aliniletea ugali na mlenda, akakaa kando akisubiri nimalize kula.

"Nyumba mbili zimerudi," akasema. "Wamesikia kwamba fundi amelala hapa."

Mzigo wa Mzee Ramadhani ulifika kwa basi na punda. Kulikuwa na madini, ringi, madumu mawili ya oili ambayo najua aliyapata kwa kugombana na mtu wa stoo, na kikaratasi chenye maneno mawili: Mikono mfukoni.

Siku ya kuiwasha kijiji kizima kilikuja, na hakukuwa na mgeni rasmi. Nilisimama kando, nikatia mikono mfukoni hadi vifundo. Mama Zaituni akachomoa kijiti, akakifuta, akasoma, akakirudisha. Akazungusha. Ikawaka. Akaizima, akawasha tena, ikawaka. Mara ya tatu akazungusha ikakohoa, ikafa. Akazungusha tena, ikafa. Niliona jasho lake na niliona watu wanaanza kutazamana. Mikono yangu ilikuwa inanitoka yenyewe. Nilijua ni hewa kwenye bomba, nati ndogo ya kando, nusu mzunguko tu, ni kazi ya kupepesa jicho. Niliuma meno.

Alisimama wima, akaangalia injini, hakunitazama mimi. Akapeleka mkono kwa Mzee Njiku, naye akampa spana bila kuulizwa ya ukubwa gani. Akalegeza nati. Dizeli ikatoka na mapovu, kisha ikatoka safi. Akakaza, akazungusha. Ikakohoa mara mbili, ikashika, na maji yakapanda.

Alikuja akasimama mbele yangu huku injini ikinguruma. "Sasa unaweza kuitoa hiyo mikono," akasema, na akacheka kwa mara ya kwanza. Nilicheka nami, na machozi yalinitoka tena, safari hii mbele za watu.

Kabla sijaondoka darasa la Mwalimu Elia liliandika tabia zote kwenye ukuta wa banda la injini, kwa mkaa na chokaa, kila mwanafunzi mstari wake, herufi zikipanda na kushuka. Anakunywa oili kila siku ya pili. Hapendi upepo wa mashariki. Akiimba mwongeze maji. Usimpe samli. Mstari wa juu kabisa waliniachia niusome mwisho. Aliuandika Mama Zaituni: HUYU SI YATIMA. FUNDI WAKE NI DAUDI WA KARAKANA YA MAJI SINGIDA. AKIUGUA AITWE.

Nilirudi baada ya mwezi, kama mwenye ng'ombe. Nikarudi tena na tena miaka iliyofuata. Injini ile kubwa zaidi niliyokuwa nimeianza sikuimaliza; vipande vyake viliokoa injini nyingine nyingi zenye ndugu zao. Mzee Ramadhani hakuwahi kunisifu kwa lolote, ila siku alipostaafu aliniachia pipa lake la nati.

Mwezi uliopita, wiki moja baada ya ile saa na blanketi, nilikwenda kule kuwaaga. Siku hizi wana pampu ya kisasa, na ile ya zamani huwashwa ya kisasa ikigoma. Mama Zaituni macho yamepungua nguvu, lakini alitambua hatua zangu kabla sijatoa shikamoo. Banda limepakwa upya, tabia zimeandikwa upya kwa rangi, na zimeongezeka sita ambazo mimi sizijui. Nilimsomea mstari wa juu. Mtu alikuwa amekwisha kufuta maneno WA KARAKANA YA MAJI SINGIDA, akaandika mahali pake kwa mwandiko mzuri wa shule: AMESTAAFU, YUKO NYUMBANI KWAKE MANDEWA, NYUMBA YA TATU BAADA YA MSIKITI. AKIUGUA AITWE.

Kwa hiyo, binti wa kitengo cha pampu, saa yenu naitundika na blanketi nitajifunika. Sanduku la spana nimeliweka karibu na mlango.